Stendi Ilipohama Ubungo

Kwa takriban miaka 20, saa 12 asubuhi ndiyo ilikuwa saa kubwa ya stendi ya mabasi ya Ubungo, Dar es Salaam. Mabasi ya Mwanza, Arusha, Mbeya na Songea yalitoka getini yakifuatana, na jua lilipopanda stendi ilikuwa tayari imepungukiwa na watu. Wenye mabasi hawakujipangia hivyo. Katika miaka ya 1990, baada ya ajali nyingi, serikali ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku. Basi la safari ndefu lililochelewa kuondoka lingelala njiani.

Amri hiyo ndiyo iliyoujenga mtaa. Abiria wa Mbagala au Gongo la Mboto angefikaje Ubungo saa 11 alfajiri, akiwa na mabegi, watoto na kiroba cha mchele? Alikuja jioni, akalala. Gesti zikaota Shekilango, Manzese na Sinza, nyingine zikiwa vyumba vichache tu ndani ya nyumba ya familia, mwenye nyumba na wanawe wakijibana uani. Penye gesti pakaja mama lishe wa kubandika chai saa 10 usiku. Akaja mpiga debe, mbeba mizigo, muuza maji, na fundi wa kushona zipu za mabegi yaliyopasuka dakika ya mwisho. Kodi ya chumba cha mpangaji ilitoka humo, na ada ya shule pia.

Ubungo wenyewe haukuanza na mabasi. Ulikuwa mji wa viwanda na wasomi: Chuo Kikuu kilihamia mlimani mwaka 1964, na kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikafunguliwa mwaka 1968. Mabasi ya mikoani yalikuwa yakipakia katikati ya jiji, Kisutu na Mnazi Mmoja, mpaka mitaa ile ikashindwa kuyabeba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yakapelekwa Ubungo, zinapokutana barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma. Wakati huo ilionekana nje ya mji. Jiji likaifuata, likaipita, na taa za Ubungo zikawa foleni ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam ana kisa chake.

Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kati ya Kimara na Kivukoni, yakiwa na matawi ya Morocco na Gerezani. Mengi yamesemwa kuhusu vituo vyao, lakini kwa mtaa wa Ubungo pigo halisi lilikuja miaka mitano baadaye. Tarehe 24 Februari 2021, Rais John Magufuli alizindua barabara za juu za Kijazi hapo Ubungo, na siku hiyohiyo akazindua stendi mpya ya Mbezi Luis inayoitwa kwa jina lake. Foleni ikapata dawa, stendi ikaenda. Sikatai kwamba ilibidi ihame. Uwanja ulikuwa umebanana, mvua ikinyesha ni matope, na msafiri alistahili mahali pa heshima.

Ninachokipinga ni namna tunavyohesabu. Mradi wa stendi huhesabu maegesho, vibanda vilivyo ndani ya uzio na mapato ya getini. Mama lishe aliye nje ya uzio hahesabiwi, wala mwenye gesti aliyekopa benki kuongeza ghorofa. Wafanyabiashara wa Mwenge waliyaona hayohayo daladala zilipotolewa pale na kuhamishiwa Makumbusho. Huku Ubungo, hata baada ya stendi kuhama, kampuni kadhaa za mabasi ziliendelea kupakia kwenye ofisi zao za Shekilango na Urafiki, mamlaka zikakazana kuzirudisha Mbezi, na mvutano ukachukua muda mrefu. Wengi waliona ukaidi wa wenye mabasi. Mimi niliona pia wateja waliozoea mahali na mtaa uliogoma kufa.

Mbezi nako hakukupokea stendi bila gharama. Mwaka 2017, katika kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, nyumba na maduka kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya yaliwekewa alama ya X na kubomolewa, kipimo kikiwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Kwa hiyo wapo waliovunjiwa duka pembeni mwa lami, kisha wakaona wageni wakija kufungua maduka, gesti na vituo vya bodaboda karibu na walipokuwa wao. Ardhi ya pale ilipanda thamani baada ya wao kuondolewa. Fidia yao ilipaswa kuwa sehemu ya gharama za barabara tangu mchoro wa kwanza.

Kwenye uwanja wa zamani wa Ubungo sasa limesimama soko kubwa la bidhaa za jumla lenye maduka zaidi ya 2,000, lililojengwa na wawekezaji kutoka China na kuzinduliwa mwaka 2025. Wateja wamerudi, ila mwenye kuja kununua mzigo wa jumla mchana hatafuti kitanda wala chai ya saa 10 usiku.

Na mwaka 2023 serikali iliondoa marufuku ya usiku, mabasi yakaruhusiwa kusafiri saa 24. Abiria wa Mbagala sasa anaweza kupanda basi la saa 3 usiku na kuamkia safarini. Kwake ni nafuu kubwa. Waliokimbilia Mbezi kujenga gesti wakitegemea basi la saa 12 asubuhi wameanza kuhesabu upya vyumba vyao.