Hasira ya Mtu Aliyeonewa



Sisi watu wa Kibumba tunajua hasira inatoka wapi. Mwaka wa 1994 kambi ya wakimbizi ilijaa hapa, juu ya mawe ya volkano, bila maji. Kipindupindu kikaua watu wengi, na hata kuchimba kaburi kulikuwa shida. Mwaka wa 1996 vita vilifika. Vikarudi 2012 na 2013. Mwaka wa 2022 wengi wetu tulihamia Kanyaruchinya. Na kila mara tunaporudi, kuna mtu anayekuta mlango wake umeng'olewa na viazi vyake vimechimbwa na mtu anayemjua. Kisha siku moja, kwenye foleni ya maji, neno moja dogo linatosha: panga linainuliwa.

Mtu kama huyo tukimwambia tu, «Usikasirike», hatujamsaidia. Ameonewa kweli. Basi afanye nini na hasira yake?

Tujifunze kwa jirani. Ukifuata barabara ya Rutshuru, ukapita Bunagana na Kisoro, unafika Kabale. Huko Festo Kivengere alikuwa askofu wa Kigezi tangu 1972. Hakuwa Mpentekoste kama sisi, alikuwa Mwanglikana, lakini alikuwa mtu aliyeokoka. Mkubwa wake alikuwa Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyesimamia Uganda, Rwanda, Burundi na hata Boga, kule Ituri kwetu.

Mwezi wa pili 1977, askari wa Idi Amin walivamia nyumba ya Luwum usiku. Maaskofu hawakunyamaza: tarehe 10 walimwandikia rais barua ya kupinga maovu hayo. Tarehe 16 waliitwa Kampala. Wengine waliachiliwa, Luwum akabakizwa, na Kivengere akangoja nje bure. Serikali ikatangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili wamekufa kwa ajali ya gari. Watu walijua wameuawa. Siku chache baadaye Kivengere na mke wake Mera walivuka milima kwa miguu, wakaingia Rwanda.

Alitoka na uhai wake, lakini hasira alitoka nayo pia. Aliendelea kuhubiri, huku moyo wake ukikauka kwa kumchukia Amin. Ndipo siku ya Ijumaa Kuu, ndani ya kanisa moja huko London, alipotafakari maombi ya Yesu msalabani kwa ajili ya wauaji wake (Luka 23:34). Akaona kwamba Yesu hakumtoa Amin katika maombi yale. Akatubu chuki yake, akamsamehe. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake lilishangaza wengi: *I Love Idi Amin*, maana yake «Nampenda Idi Amin».

Wapenzi, tuangalie mambo mawili. Kwanza, kusamehe hakukumfunga mdomo. Aliendelea kusema wazi kwamba Amin anaua watu, na mwaka wa 1979, Amin alipoanguka, alirudi kujenga nchi yake. Pili, Amin hakuwa ameomba msamaha. Kama Kivengere angengoja kuombwa, angekufa na chuki yake.

Sisi wachungaji tukiri pia. Mara ngapi tumehubiri upendo asubuhi, na jioni tukakataa kumsalimia jirani njiani? Paulo anakubali kwamba mtu hukasirika, lakini anakataza jua lituchwee tukiwa na hasira, tusimpe Shetani nafasi (Waefeso 4:26-27). Jua likizama nyuma ya milima yetu, hasira iliyolala nyumbani hurithiwa na watoto.

Basi, ukichokozwa, usijibu papo hapo, ondoka kwanza. Mtaje mtu huyo kwa jina mbele za Mungu, na umwambie Mungu ubaya wote aliokutendea, usifiche. Kisha nenda kwake pamoja na mzee wa kanisa au nyumba kumi, udai haki yako kwa sauti ya chini. Shamba lako unaweza kulidai. Damu ya jirani yako huwezi kuidai, hiyo ni ya Mungu.

Leo, kabla ya jua kuzama, ni jina la nani linalokuuma moyoni? Anza nalo katika maombi. Amina.