Dodoma, 1994: Wafungwa walipokishtaki kitanzi

Juni 22, 1994, katika Mahakama Kuu mjini Dodoma, watu wawili waliokwisha kutiwa hatiani kwa mauaji walisimama kizimbani kusubiri adhabu. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji nafasi ya kuchagua. Adhabu ni moja, kunyongwa hadi kufa. Jaji James Mwalusanya hakuitamka. Aliwapa kifungo cha maisha, akasema adhabu ya kifo inavunja Katiba ya nchi.

Wapenzi wa sinema za zamani wanamkumbuka Luke, mfungwa mbishi aliyeigizwa na Paul Newman katika Cool Hand Luke ya mwaka 1967. Anatoroka, anakamatwa, anapigwa, anatoroka tena, hadi anauawa kwa risasi. Ubishi wa Dodoma ulipita mlango mwingine, ule wa sheria, na ndiyo maana bado unaishi.

Mlango huo ulikuwa bado mpya. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 1984, lakini hazikuweza kudaiwa mahakamani hadi Machi 1988. Kabla ya hapo, aliyeshindwa rufaa ya kesi ya mauaji alibaki kuomba huruma ya Rais. Sasa aliweza kusimama mbele ya dola na kuuliza: Ibara ya 13(6) inakataza kumtesa mtu na kumpa adhabu za kinyama au za kumdhalilisha, kitanzi je?

Mwalusanya hakuwa mgeni wa maswali ya namna hiyo. Mwaka 1989, akiwa Mwanza, alitengua kifungu kilichowanyima dhamana baadhi ya watuhumiwa. Dodoma alitaka kujua kunyonga kunafanyikaje hasa, na Leonard Shaidi, mwanazuoni wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatoa maelezo kwa hati ya kiapo. Anayenyongwa hupimwa uzito ili ijulikane kamba iwe ndefu kiasi gani. Ikiwa fupi mno, shingo haivunjiki na mtu hukabwa taratibu. Ikiwa ndefu mno, kichwa chaweza kung'oka. Kabla ya siku hiyo kuna miaka ya kungoja, huku kila mlio wa funguo ukiweza kuwa wa mwisho. Jaji akaona huo ni ukatili, hata kwa mtu aliyeua.

Jamhuri ilipinga. Januari 30, 1995, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inadhalilisha. Hata hivyo ikasema Ibara ya 30(2) inairuhusu kwa manufaa ya umma. Kifungo cha maisha kikafutwa, kitanzi kikarudi.

Hukumu ya Dodoma haikuzikwa hapo. Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipofuta adhabu ya kifo, shauri la Mbushuu, kama wanasheria wanavyoliita kwa jina la mmoja wa wale wawili wa Dodoma, lilikuwa miongoni mwa yaliyojadiliwa. Uganda mwaka 2009 na Kenya mwaka 2017, mahakama za juu zilikataa sheria inayomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua vivyo hivyo dhidi ya Tanzania, katika kesi iliyofunguliwa na wafungwa wenyewe.

Nchini kwetu, miaka mingi imepita bila mtu kunyongwa. Septemba 2017, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba hatathubutu kuidhinisha mtu anyongwe. Lakini huruma ya kiongozi hudumu muda wa uongozi wake, na adhabu yenyewe haijafutwa. Majaji bado wanaitamka, na waliohukumiwa bado wanangoja.

Aliyeua anastahili kuadhibiwa, na familia ya marehemu inastahili haki. Kifungo cha maisha kinatosha kwa yote mawili, na kinaacha nafasi ya kusahihisha pale mahakama ilipokosea. Bunge linalokutana Dodoma lina mamlaka ya kumaliza kazi aliyoianza Mwalusanya katika mji huohuo. Lisisubiri mfungwa mwingine aishtaki tena adhabu hiyo.