Saa au Sababu? Mwezi katika Kilimo cha Warumi

Bibi yangu hapandi vitunguu mwezi ukiwa mpevu. Nilipoanza chuo nilimwambia kwamba hiyo ni imani tupu. Hakubishana nami. Aliniuliza tu, "Na wewe mjukuu wangu, kitunguu umekipanda lini?" Sikuwa na jibu, na swali hilo ndilo lililonipeleka maktaba. Katika insha hii ninawatazama Warumi wa kale, walioacha maandishi mengi kuhusu kilimo na mwezi. Hoja yangu ni kwamba mwezi ulikuwa kwanza saa ya mkulima, kisha ukachukuliwa kuwa sababu ya mazao.

Italia ya kati ina kiangazi kikavu chenye joto, na mvua zake nyingi hunyesha kuanzia majira ya kupukutika majani hadi ya baridi. Akichelewa kupanda, mkulima hupoteza mvua. Katika karne ya 2 K.K., Cato aliagiza mitini na mizeituni ibebeshwe wakati wa giza la mwezi. Katika karne ya 1 B.K., Columella alishauri aina yao ya maharage ipandwe siku ya 15 ya mwezi. Plinius naye alisimulia imani kwamba kitunguu saumu hakitanuka kikipandwa mwezi ukiwa umetua na kung'olewa wakati wa giza lake.

Kwa nini mwezi? Jibu moja limo katika kalenda yao. Mwaka wa Warumi ulikuwa na siku 355, na makuhani walipaswa kuongeza mwezi kila ilipohitajika ili mwaka ulingane na jua. Mara nyingi hawakufanya hivyo. Suetonius anaeleza kwamba hatimaye sikukuu za mavuno hazikuangukia tena kiangazi. Julius Caesar aliporekebisha kalenda, ilibidi mwaka 46 K.K. urefushwe hadi siku 445. Mkulima ambaye angefuata tarehe za mjini angepanda nje ya msimu.

Kwa hiyo alitazama juu. Msimu aliujua kwa nyota, hasa zile ambazo sisi tunaziita Kilimia, jina linalotukumbusha kulima. Zilipotua alfajiri, mwezi Novemba, wakati wa kupanda ngano ulikuwa umefika. Lakini nyota zilitaja msimu tu, wala hazikutaja siku. Siku ilitajwa na mwezi. Shamba la Cato lilisimamiwa na mtumwa na kulimwa na watumwa, na agizo la "giza la mwezi" lilieleweka hata na asiyejua kusoma. Bwana, msimamizi na jirani waliuona mwezi uleule.

Saa hiyo ilipataje kuwa sababu? Warumi waliamini kwamba mwezi huleta unyevu. Imani hiyo haikuzuka hivihivi. Usiku usio na mawingu ndio tunaouona mwezi vizuri, na usiku huohuo ndio wenye umande mwingi. Mambo mawili yaliyotokea pamoja yakadhaniwa kuwa moja huzaa jingine. Hata hivyo, wa kale wenyewe waliona kasoro. Plutarch anaeleza kwamba makuhani wa Misri waliepuka kitunguu kwa sababu hustawi mwezi unapopungua, kinyume cha ilivyotarajiwa. Tena, kalenda ya Caesar ilipokwisha kuwapa wakulima tarehe za kuaminika, Columella alizitumia tarehe hizo, lakini kanuni za mwezi hakuziacha. Kazi ya saa ilikuwa imepungua, na imani ikabaki.

Waswahili wa pwani walikabiliwa na tatizo linalofanana na hilo. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa jua na kupita katika masika, kiangazi na vuli. Wakulima na mabaharia hawakuweza kuutegemea kwa misimu. Walihesabu mwaka mwingine kuanzia Nairuzi, wa miongo 36 ya siku kumikumi, pamoja na siku tano za ziada. Mwezi uliongoza ibada, na miongo ikaongoza shamba na safari. Naona kwamba walitenganisha waziwazi kazi mbili ambazo Warumi walizichanganya.

Nilirudi kwa bibi likizo iliyopita. Bado siamini kwamba mwezi hunenepesha kitunguu. Lakini safari hii niliuliza kabla ya kuhukumu: nani mwingine hupanda siku hizo? Akanitajia majirani watano. Husaidiana shamba kwa shamba, na mwezi unapoanza kupungua kila mmoja huja na jembe lake bila kuitwa. Kanuni niliyoidharau ilikuwa ratiba yao. Mwanahistoria akiuliza tu kama kanuni ya kale ni kweli au uongo, anaweza kukosa swali lililo muhimu zaidi: ilikuwa ikifanya kazi gani?