Waasisi wa Taasisi ya Tiba Asili, Wakitazamwa kutoka Pemba

Mwaka 1974 Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha pale Muhimbili kitengo cha kutafiti dawa za asili. Mwaka 1991 kitengo hicho kikapandishwa hadhi kuwa Taasisi ya Tiba Asili, na tangu 2007 taasisi imo ndani ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hiyo ndiyo historia iliyomo kwenye makaratasi, nayo ni ya kweli. Lakini taasisi iliyokwisha kutimiza nusu karne inastahili kuulizwa ni nani hasa aliyeiasisi. Jibu langu ni kwamba waasisi wake wa kwanza ni waganga wa mitishamba, ambao kabla ya maabara kuwapo walikwisha kujua mzizi upi unachemshwa, gome lipi linatwangwa, na jani lipi mja mzito haligusi.

Ushahidi umo katika kazi ya taasisi yenyewe. Mwaka 1982 na 1983 wanasayansi sita, wakiwamo Inga na Olov Hedberg kutoka Uppsala pamoja na Keto Mshigeni na E. N. Mshiu wa hapa kwetu, walichapisha kwa sehemu tatu orodha ya mimea inayotumika katika tiba ya jadi Tanzania. Kuanzia 1987 Mshiu, Rogasian Mahunnah na S. C. Chhabra wakaendeleza kazi hiyo kwa mimea ya mashariki mwa nchi. Ni kazi ya heshima kubwa. Bila hiyo, matumizi mengi ya miti yetu yangezikwa pamoja na wazee. Hata hivyo orodha ile ya kwanza imepangwa kwa familia za mimea, na mganga hayumo kati ya waandishi wake. Msituni kuna miti isiyo na idadi. Aliyemwelekeza mkemia kwenye mjafari, akaacha mti wa jirani yake, alikwisha kufanya sehemu ngumu ya ugunduzi, maana kuchagua cha kupima ni kazi ya elimu na miaka mingi ya kutazama wagonjwa.

Pemba ndiko dhuluma hii ya kutomtaja mganga inakoonekana waziwazi. Sifa ya kisiwa hiki kwa uganga ilivuka bahari zamani. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake Remote People cha 1931, aliieleza Pemba kama kitovu cha elimu ya uchawi ambako wanafunzi walitoka hadi maziwa makuu kuja kusoma. Alichokiona kinafaa kwa msomaji wa London aliyetaka kusisimka. Hakuuliza wanafunzi hao walirudi kwao na ujuzi gani wa majani na mizizi. Mgeni alipoona uchawi tu, tiba ikakosa wa kuiandika. Karafuu ilipata bahati nyingine kwa kuwa ilikuwa na soko: mafuta yake, ambayo wenye maumivu ya jino wanayajua vizuri, yanakamuliwa kiwandani Wawi, kando ya Chake Chake. Mimea isiyouzwa ng'ambo haikupata kiwanda wala daftari.

Wapo watakaosema waganga wenyewe ndio waliojificha, kwa kufanya ujuzi wao siri ya ukoo. Ni kweli kwa kiasi, na siri hiyo ilikuwa na sababu: aliyeitoa aliondoka mikono mitupu. Mfano wa China unaonyesha maandishi yanavyoweza kumlinda mwenye elimu. Mwanasayansi Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria, alipata dokezo lake katika kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliyeagiza mmea wa qinghao uloweshwe majini kisha ukamuliwe. Tu akang'amua kwamba joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Dawa mseto ya malaria inayotolewa leo kwenye vituo vya afya vya Pemba imetokana na mmea huo, na jina la Ge Hong linatajwa kila hadithi hiyo inaposimuliwa, miaka 1,600 baadaye. Alikuwa na kalamu. Wa kwetu walikuwa na kumbukumbu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumtaja mganga ni kumpa cheti asichostahili. Wapo matapeli na wapiga ramli chonganishi, na zipo dawa za miti zinazoumiza ini na figo. Naikubali hatari hiyo kikamilifu. Lakini jina hubeba lawama sawasawa na sifa: dawa yenye mwenyewe inaweza kufuatiliwa ikidhuru, na isiyo na mwenyewe haimwajibishi mtu. Na kwa anayesema elimu hii ni ya jamii nzima, Itifaki ya Nagoya ya 2010 imekwisha kukubali kwamba jamii nayo ni mwenye haki, inayopaswa kuridhia na kugawiwa faida.

Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria ya tiba asili ya Bara ya 2002 haifiki Pemba. Zanzibar ina sheria yake na Baraza lake linalosajili waganga. Ninachopendekeza ni kidogo: karatasi ya sampuli ya mmea tayari ina nafasi ya jina la mkusanyaji, mahali na tarehe. Kuongeza mstari mmoja wa aliyefundisha matumizi yake, kwa ridhaa yake, hakugharimu maabara mpya. Muhimbili na Baraza wanaweza kuanza na waganga wazee wa Micheweni na Mkoani ambao majina yao yamo daftarini.