Kaizari Ndani ya Chumba cha Mtihani

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitabu ambacho mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza hukibeba kwapani mwaka mzima bila kukisoma. Sisemi kwa kejeli. Nimelifundisha somo hilo, na najua linavyokwenda. Mwalimu huingia darasani akaandika ubaoni neno "dhamira", na chini yake dhamira saba. Kisha wahusika, na sifa za kila mmoja. Wanafunzi wananakili. Novemba inapofika, mtoto anazijua dhamira zote saba za tamthilia ambayo hajapata kuifungua ukurasa wa kwanza. Na anafaulu! Je, ufundi huu tuliupata wapi?

Wengi watanijibu kwamba ni uvivu wa walimu wa siku hizi. Mimi nasema ufundi huu una umri mkubwa kuliko mwalimu yeyote aliye darasani leo.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kuwatahini vijana wa shule za Uingereza ambao hawakuwa wanafunzi wake. Haikupita miaka kumi mtihani huo ukavuka bahari hadi Trinidad, na baadaye ukaenea karibu kila mahali palipopepea bendera ya Mwingereza. Miaka ya 1940 na 1950 shule zetu kubwa za Afrika Mashariki zilikuwa zimekwisha kuingia katika safari hiyo. Maswali yalitungwa Uingereza, majibu yakafungwa na kurudishwa huko huko kusahihishwa, na kijana wa Tabora au Kikuyu akangoja hadi mwaka mpya kujua kama amekuwa mtu au amebaki alivyokuwa. Cheti kile ndicho kilichoamua nani aende Makerere, nani awe karani, na nani arudi kwa baba yake kulima.

Sasa jiweke mahali pa mtahini. Una mbele yako makaratasi ya Ceylon, ya Gold Coast, ya Tanganyika. Hujamwona hata mmoja wa watoto hao. Utawauliza swali gani ambalo unaweza kulipa alama kwa haki? Utawapa dondoo. Nani asema maneno haya, amwambia nani, wakati gani, na maneno yaliyopigiwa mstari yana maana gani? Swali la namna hiyo lina jibu moja, na alama zake zinahesabika kama senti. Kwa upande wa haki silitii doa. Lakini swali likishajulikana, mwalimu naye hujua la kufundisha. Ndiyo maana matoleo ya Shakespeare ya shuleni, kama yale yaliyohaririwa na A. W. Verity na kuchapishwa na Cambridge yenyewe, yalikuja na maelezo na faharasa nyuma yake, yakishindana kwa unene na tamthilia. Mwanafunzi mwerevu alianza kusoma kutoka nyuma.

Nisiwadhulumu wazee wetu. Wako waliopitia mtihani huo ambao hata leo watakusomea kwa moyo hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Kaizari, tena kwa sauti ya kutisha. Kule Alliance, Kenya, chini ya mwalimu mkuu Carey Francis, wavulana waliigiza Shakespeare mwaka baada ya mwaka, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma pale kati ya 1955 na 1958, ni mmoja wa walioziona tamthilia hizo. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, na kaka yake Ngũgĩ alikuwa msituni na Mau Mau. Nami hujiuliza wakubwa wa elimu wa siku zile walifikiri nini walipowapa vijana wa koloni wasome habari za raia waungwana wanaokula njama kumwua mtawala aliyejikweza. Labda hawakufikiri neno. Kitabu kikishakuwa cha mtihani, hakimwogopeshi mtu tena.

Kabla ya mtihani Shakespeare alikuwa amekwisha kufika pwani kwa mlango mwingine. Miaka ya 1860, kule Unguja, mmisionari Edward Steere alitoa kijitabu cha Kiswahili kiitwacho Hadithi za Kiingereza, chenye visa vilivyochukuliwa katika masimulizi ya ndugu wawili, Charles na Mary Lamb. Kile kisa cha mfanyabiashara wa Venisi na Myahudi mkopeshaji alikiita Kuwia na Kuwiwa, yaani kudai na kudaiwa. Fikiri jinsi jina hilo lilivyoingia sikioni mwa mji wa Unguja wa siku zile, mji wa wafanyabiashara, hati na madeni. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, 1969, Mwalimu Nyerere alikitafsiri kisa hicho hicho, safari hii tamthilia nzima, akakiita Mabepari wa Venisi. Ni mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Kisa ni kimoja, ila mmoja ameona deni na mwingine ameona ubepari, na kila mmoja ana haki yake kwa sababu kila mmoja amekisoma mwenyewe. Anayetafsiri hawezi kuruka mstari.

Nyerere alikuwa amekwisha kuitafsiri tamthilia ya Kaizari, ikatoka 1963, naye ni Rais wa nchi changa. Sidhani kama kuna kiongozi mwingine aliyejipa kazi ya namna hiyo baina ya vikao vya baraza la mawaziri. Alikuwa amepita Tabora, Makerere na Edinburgh, mitihani aliijua. Lakini hapa hapakuwa na mtahini wa kumridhisha. Alitaka kuona kama Kiswahili kinaweza kubeba mzigo ule, kwa mizani, na kikaubeba.

Turudi shuleni. Baada ya uhuru tuligombana kwa haki juu ya vitabu. Oktoba 1968, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wao maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Mwaka 1974 walimu wa Kenya wakakutana Nairobi kujadili jinsi ya kuifundisha fasihi hiyo katika sekondari. Mitihani nayo ilikuwa inahama. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa 1967, Tanzania ikajitoa 1971, na 1973 tukaunda Baraza letu la Taifa. Achebe, Soyinka, Okot p'Bitek na Ngũgĩ wakaingia darasani.

Vitabu vikabadilika. Maswali je? Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kazi ilikwisha. Tulimtoa Brutus tukamweka Okonkwo, kisha tukamwuliza mtoto yale yale: taja sifa zake, eleza dhamira, toa mifano kutoka vitabu viwili. Walimu wakatunga notisi, notisi zikapigwa chapa, na leo uchambuzi wa kila kitabu teule unauzwa kando ya barabara, na madesa yanatolewa fotokopi nje ya geti la shule. Jirani zetu wa Kenya wana miongozo yao. Wala usidhani huu ni ugonjwa wa Kiingereza peke yake. Fasihi ya Kiswahili, katika lugha ambayo mtoto anaiota usiku, tunaitahini kwa mtindo huo huo.

Mzazi ataniambia, ndugu yangu, wewe unaongea tu, mwanangu anahitaji cheti. Namwelewa. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini na nakala nne za kitabu afanye nini kama si kuandika ubaoni? Sitamwambia mtu achome notisi zake. Ninaloomba ni mpangilio. Chukua The Black Hermit ya Ngũgĩ, tamthilia fupi iliyoonyeshwa Kampala 1962 katika shamrashamra za uhuru wa Uganda, na iliyopata kuwa katika orodha yetu. Kijana Remi amesoma, amemrithi mjane wa kaka yake, kisha amekimbilia mjini, na kwao wanamtaka arudi. Nakala nne zinatosha kwa wasomaji wa sauti. Darasa lote lisikilize. Msiseme neno "dhamira" hata mara moja hadi mtakapofika mwisho, anapokufa Thoni. Kisha waulizeni wale vijana: nani amemwua? Watagombana hadi kengele ilie, wasichana upande huu, wavulana upande ule. Nimejaribu, najua. Kesho yake ndipo mfungue notisi, na mtawaona wengine wakianza kuzisahihisha.