Deni la Bristol Lililozaa Wanafunzi

Huu ni msimu ambao makanisa mengi yanakaa kupanga mwaka: krusedi ngapi, hema la ukubwa gani, spika zikodishwe wapi. Hayo yote yana nafasi yake. Lakini soma tena Mathayo 28:19-20, polepole. Bwana ametutuma kufanya wanafunzi, kuwabatiza na kuwafundisha kushika yote aliyoamuru. Kuinua mkono mbele ya jukwaa huchukua dakika moja. Kushika yote huchukua miaka, na mtu hawezi kulifikia hilo kama hakuna hata mmoja kanisani anayejua anaishi wapi.

Nataka nikupeleke Uingereza, mji wa Bristol, uone jinsi kanisa moja lilivyopata mpango wake. Na halikuupata katika semina ya maono. Lilikuwa na deni!

Mwaka wa 1739 John Wesley, kasisi wa Kanisa la Anglikana, alianza kuhubiri nje uwanjani karibu na Bristol, baada ya kuitwa na rafiki yake George Whitefield. Wasikilizaji wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, watu ambao makanisa ya siku hizo hayakuwa na habari nao. Maelfu walikuja. Mwaka huo huo wakaanza kujenga nyumba ya mikutano, na kama unavyojua wewe uliyewahi kuwa kwenye kamati ya ujenzi, jengo halikuisha na pesa zikaisha.

Tarehe 15 Februari 1742 wakakutana kuzungumzia lile deni. Mtu mmoja, Kapteni Foy, akatoa wazo: kila mshirika atoe peni moja kwa juma mpaka deni liishe. Mwingine akapinga, akasema wengi ni maskini, hawana hata hiyo peni. Foy akajibu kwamba yeye apewe kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawatembelea kila juma, na asiye na kitu atamlipia mwenyewe. Kisha akawaambia wengine wafanye vivyo hivyo, kila mmoja achukue majirani zake kumi na mmoja.

Basi wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kukusanya peni. Hapo ndipo walipoona mambo ambayo mimbari haikuwa imeyaona. Huyu ni mlevi. Yule anagombana na mkewe. Mwingine anaimba vizuri siku ya ibada, lakini nyumbani haishi kama mtu aliyeokoka. Viongozi wakamletea Wesley habari, naye akatambua mara moja kwamba hiki ndicho alichokuwa akikihitaji siku zote. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Machi, utaratibu huo ukaanzishwa London pia.

Tazama walivyoendelea kuurekebisha, maana hapa ndipo wengi wetu tunashindwa. Kuzunguka nyumba kwa nyumba kulikula muda mwingi. Tena washirika wengine walikuwa watumishi wa nyumbani, na mabwana zao hawakuruhusu wageni. Na wawili wakikosana, huwezi kuwapatanisha kila mmoja akiwa kwake. Wakaamua watu kumi na wawili hivi wakutane pamoja mara moja kwa juma. Kikundi kikaitwa darasa, ingawa hakuna aliyekaa kuandika notisi. Kiongozi aliuliza kila mmoja hali ya roho yake, akashauri, akaonya, akatia moyo, akapokea kile kidogo walichokuwa nacho kwa ajili ya maskini. Viongozi wengi hawakuwa makasisi. Walikuwa mafundi, wafanyabiashara wadogo, na wanawake pia. Ni Yethro na Musa hao, Kutoka 18, wakuu wa makumi. Kila miezi mitatu mshirika alipewa tikiti mpya, na aliyekuwa na mwenendo mbaya hakupewa.

Wala usidhani lilikuwa jambo la upole tu. Machi 1743, kule Newcastle, Wesley alikagua washirika na kuandika wazi ni nani waliotolewa na kwa nini. Walikuwa 64: kumi na saba kwa ulevi, wawili kwa kuuza pombe kali, watatu kwa ugomvi, mmoja kwa kumpiga mkewe, mmoja kwa uvivu, na 29 kwa uzembe wa kiroho, na wengine kwa makosa ya namna hiyo. Kundi kubwa kuliko yote halikuwa na dhambi ya kutisha. Walikuwa wamepoa tu. Niambie, mchungaji mwenzangu, ni kanisa gani letu linalojua idadi ya waliopoa?

Miaka ishirini baadaye, mwaka wa 1763, Wesley alipita Pembrokeshire, huko Wales. Eneo hilo lilikuwa limehubiriwa sana, na wahubiri wenye nguvu, lakini bila vikundi wala nidhamu. Alihesabu kwamba katika kila kumi walioamshwa, tisa walikuwa wamelala tena usingizi mzito kuliko wa kwanza. Alipokufa mwaka wa 1791, Wamethodisti wa Uingereza walikuwa zaidi ya 70,000. Ni moto uleule wa mahubiri, lakini huku watu walishikwa mkono.

Baadaye, katika karne ya 19, madarasa mengi yalipoa. Tikiti ikabaki, michango ikabaki, lile swali la hali ya roho likasahaulika. Vikundi vyetu vya nyumbani vinaweza kufika huko huko, kiongozi akawa mtu wa kupokea sadaka na kutangaza harambee. Foy alianza na peni, lakini alifika mlangoni mwa mtu.

Hapa kwetu, mwaka huu nimewaomba wazee walete daftari la majina kabla ya bajeti ya krusedi. Mbele ya kila jina kuwe na jina la pili: nani atamtembelea, na siku gani. Tumefika herufi M. Tuombeane.