Mantiki na Maneno: Historia ya Hoja katika Mashine

Neno mantiki lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko Kiarabuni mzizi wake una maana ya kunena. Wagiriki nao walikuwa na neno logos, lililobeba maana ya usemi na maana ya hoja kwa pamoja. Yaani, lugha mbili zilizochangia pakubwa elimu ya hoja ziliiona fikira na kauli kuwa vitu vilivyoshikamana. Historia ya mashine zinazotoa hoja, kwa sehemu yake kubwa, ni historia ya jitihada ya kuvitenganisha vitu hivyo viwili, na ya jinsi jitihada hiyo ilivyorejea pale pale ilipoanzia. Kwa kawaida historia hii huandikwa na wahandisi na wanahisabati. Hata hivyo, nyenzo yake ni lugha, na yapo ndani yake maswali ambayo mwanaisimu hana budi kuyauliza.

Mwanzo wa jitihada hiyo hauko katika kompyuta. Mwaka wa 1666 kijana Mjerumani, Gottfried Wilhelm Leibniz, alichapisha kitabu juu ya sanaa ya kuunganisha dhana, na kwa maisha yake yote aliendelea kuwaza juu ya maandishi maalumu ambayo kila alama yake ingewakilisha dhana moja tu. Wenye kubishana wangeketi wakapiga hesabu, na ubishi ungekwisha. Mwingereza George Boole, mwaka wa 1854, aliigeuza sehemu ya mantiki kuwa aljebra. Gottlob Frege, mwaka wa 1879, alitunga mwandiko wa dhana, akaulinganisha na hadubini: lugha ya kawaida ni kama jicho, linalofaa kwa mengi lakini halioni vitu vidogo sana. Wote watatu walikuwa na shaka moja kuhusu lugha ya watu, kwamba ina utata, ina mafumbo, na neno lake moja hubeba mizigo mingi. Sifa hizo ndizo wanazozipenda washairi, lakini kwa watu hawa zilikuwa kasoro za kuondolewa.

Urithi huo ndio uliopokewa na Waamerika Allen Newell, Herbert Simon na Cliff Shaw walipoandika programu yao iliyoitwa Logic Theorist. Kabla programu hiyo haijaendeshwa katika kompyuta, Simon aliijaribu mwanzoni mwa mwaka wa 1956 kwa kutumia watu: mke wake, watoto wake na baadhi ya wanafunzi wake walipewa kadi, kila mmoja akawa sehemu moja ya programu, wakafuata maagizo bila ya kuhitaji kuelewa shabaha ya kazi nzima. Baadaye ilipoendeshwa katika mashine, programu hiyo ilithibitisha kauli 38 kati ya 52 za mwanzo katika sura ya pili ya Principia Mathematica, kitabu cha Whitehead na Russell. Uthibitisho wake mmoja ulikuwa mfupi na mzuri kuliko ule wa waandishi wenyewe. Inasimuliwa kwamba jarida la mantiki lilipopelekewa makala yenye jina la programu hiyo miongoni mwa waandishi lilikataa kuichapisha. Tukio la kadi ndilo lenye uzito zaidi. Lilionyesha kwamba hoja inaweza kugawanywa katika vitendo vidogo vidogo ambavyo hakuna hata kimoja kinachodai ufahamu, na bado jumla yake ikawa uthibitisho halali.

Mwaka huo huo wa 1956 palifanyika mkutano katika Chuo cha Dartmouth, na jina lililotumiwa katika pendekezo lake la mwaka uliotangulia ndilo lililoipa taaluma hii utambulisho wake. Kwa Kiswahili jina hilo limefasiriwa kuwa akili bandia, akili unde, na akili mnemba. Kuwapo kwa istilahi tatu kwa dhana moja si ajabu kwa yeyote anayekumbuka jinsi kompyuta ilivyoitwa tarakilishi na ngamizi, na hapana haja ya kuurejea mjadala huo hapa.

Miongo miwili iliyofuata ilikuwa ya kanuni. Mfano ulio bora ni MYCIN, programu iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Stanford katika miaka ya 1970 ili kuwashauri madaktari juu ya maambukizo ya bakteria. Maarifa yake yalikuwa mamia ya kanuni za namna ya "ikiwa hivi, basi vile". Haikupata kutumika katika kazi ya kila siku ya hospitali, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo yafaa kuikumbuka, kwa sababu baadaye ilipotea. Daktari aliweza kuiuliza "kwa nini?", nayo ikamwonyesha kanuni ile ile iliyokuwa ikiifuata wakati huo. Maelezo na tendo vilikuwa kitu kimoja. Kama kanuni ilikuwa mbovu, ubovu wake ulionekana, ukakosolewa na kusahihishwa.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kufunguliwa zamani, tena na watu waliokuwa wakihesabu herufi. Mwaka wa 1913 Mrusi Andrei Markov alichukua herufi 20,000 za mwanzo wa utenzi wa Pushkin, Eugene Onegin, akahesabu irabu na konsonanti. Aligundua kwamba baada ya irabu, irabu nyingine hufuata mara 128 tu katika kila 1,000. Baada ya konsonanti, irabu hufuata mara 663. Msemaji wa Kiswahili, ambaye karibu silabi zake zote huishia kwa irabu, hahitaji kushawishiwa kwamba herufi moja hubashiri inayofuata. Claude Shannon, katika makala zake za 1948 na 1951, aliipeleka hesabu hiyo kwenye Kiingereza na kuwataka watu wakisie herufi ijayo. Watu wa mantiki hawakuitazama kazi hii kama elimu ya hoja. Kukisia neno lifuatalo kulionekana kuwa kazi ya masikio na mazoea.

Hata hivyo, njia hiyo ndiyo iliyoshinda. Baada ya muundo wa mtandao ulioitwa transformer kutangazwa mwaka wa 2017, modeli za lugha zilikuzwa kwa kusomeshwa matini nyingi mno na kutakiwa jambo lile lile la Shannon, kukisia kinachofuata. Mwaka wa 2022 watafiti wa Google walionyesha kwamba modeli kubwa ikipewa mifano michache inayoandika hatua za hesabu kabla ya jibu, nayo huandika hatua, na majibu yake huwa sahihi zaidi. Mwaka huo huo kundi jingine, lenye watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, halikutoa mifano yoyote. Liliongeza sentensi moja ya Kiingereza ya kuitaka mashine ifikiri hatua kwa hatua. Katika mkusanyo mmoja wa maswali ya hesabu, majibu sahihi yalipanda kutoka asilimia 17.7 hadi 78.7. Sentensi moja ya lugha ya kawaida, yenye utata wote aliouogopa Frege, ilifanya kazi ambayo alama zake zilikusudiwa kuifanya.

Ushindi huo ulikuja na gharama. Mwezi wa Novemba 2022 kampuni ya Meta iliwafungulia watu Galactica, modeli iliyosomeshwa makala milioni 48 za kisayansi ili iwe chombo cha kuwasaidia watafiti. Siku tatu baadaye iliondolewa, kwa kuwa ilitunga mambo yasiyokuwapo kwa mtindo ule ule wa makala za kitaaluma. Kosa hilo, angalau, msomaji makini huweza kulikamata kwa kwenda maktaba. Lililo gumu zaidi lilidhihirika mwaka wa 2023. Miles Turpin na wenzake waliipa mashine mifano ya maswali ya kuchagua ambayo jibu lake sahihi liliwekwa kila mara kuwa la kwanza. Ilipoulizwa swali jipya, mashine ilivutwa upande wa jibu la kwanza hata lilipokuwa si sahihi, na usahihi ukashuka kwa hadi asilimia 36. Pamoja na hayo iliandika hatua zake, moja baada ya nyingine, kwa ufasaha, na katika hatua hizo mpangilio wa majibu haukutajwa. Kwa maneno mengine, maelezo yaliyoandikwa hayakuwa sababu ya jibu. Hapa ndipo tofauti na MYCIN inapokuwa kubwa. Programu ile ya kale ilijua machache na kuyaonyesha; hizi za sasa zinajua mengi, na zinachokionyesha ni matini kama matini nyingine, inayohitaji kufasiriwa na kutiliwa shaka.

Wapo waliotaka kurudi kwa Leibniz. Mwezi wa Julai 2024 programu mbili za Google DeepMind zilitatua maswali 4 kati ya 6 ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, kiwango cha nishani ya fedha. Maswali yalikuwa yametafsiriwa kwanza na binadamu katika lugha rasmi ya alama, na kila uthibitisho wa programu ya AlphaProof ulikaguliwa kwa kanuni za lugha hiyo. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2025, modeli ya kampuni hiyo hiyo ilitatua maswali 5, ikafikia kiwango cha dhahabu, na safari hii ilisoma maswali na kuandika majibu kwa Kiingereza cha kawaida, yakasahihishwa na watu.

Kama lugha ya kawaida ndiyo sasa uwanja wa hoja, swali linalofuata ni: lugha ipi? Hapa Kiswahili kimo, tena tangu mapema. Mwaka wa 2022 maswali 250 ya hesabu za shule ya msingi yalitafsiriwa na watu kutoka Kiingereza hadi lugha 10, Kiswahili kikiwa mojawapo, ili kuzipima modeli. Matokeo yalikuwa mazuri kuliko ilivyotazamiwa, ingawa Kiswahili kilikuwa chini ya asilimia 0.01 ya matini zilizosomeshwa. Lakini mashine iliporuhusiwa kuandika hatua zake kwa Kiingereza, mara nyingi ilifanya vizuri sawa na hapo ilipoandika kwa lugha ya swali, au ikazidi. Maswali yenyewe yalibaki ya Kimarekani: mwanamke mwenye bata wanaotaga mayai 16 kwa siku, ambaye hula matatu, huoka mikate kwa manne, na kuuza yaliyosalia kwa dola 2 kila moja. Kilichopimwa hapo ni tafsiri ya hesabu, na tafsiri ya hesabu si hesabu ya Kiswahili.

Tofauti hiyo si ya hisia tu. Ichukuliwe saa. Safari ya kuanzia saa tano asubuhi hadi saa saba mchana, kwa Kiswahili, ni kutoa tano katika saba. Kwa Kiingereza ni kutoka 11 hadi 1, na mtoto hana budi kuivuka 12. Kinyume chake, safari ya kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi inamlazimu Mswahili kuvuka kumi na mbili, ilhali Mwingereza hutoa tu 5 katika 7. Safari zote mbili ni za saa mbili. Jibu ni moja, lakini ugumu umehama, na mahali pa kukosea pamehama pia. Mwalimu anayesahihisha daftari hujua aangalie wapi kwa sababu anajua lugha ambayo mwanafunzi amepigia hesabu. Akiletewa hatua zilizoandikwa kwa Kiswahili na mashine iliyopiga hesabu kwa Kiingereza, makosa yatakuwa mahali asipopatazamia, na hatua zilizo mbele yake hazitamwambia kwa nini.

Jambo hili si la kubuniwa. Mwezi wa Januari 2025 kampuni ya Kichina ya DeepSeek ilitoa ripoti juu ya modeli yake iitwayo R1. Toleo la awali, lililofunzwa kwa kutuzwa jibu sahihi bila ya kuelekezwa namna ya kufikiri, lilichanganya lugha katika hatua zake. Watungaji wake waliongeza tuzo ya kushikamana na lugha moja, wakakiri kwamba tuzo hiyo iliupunguza kidogo uwezo wa modeli, ila ilifanya maandishi yasomeke na watu. Ripoti iliongeza kwamba modeli imeandaliwa kwa Kichina na Kiingereza, na kwamba ikiulizwa kwa lugha nyingine huenda ikafikiri na hata kujibu kwa Kiingereza.